Imparfait ya Kifaransa: mwongozo kamili kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Siku moja darasani mwalimu wetu wa Kifaransa alijifanya askari polisi, nami nikawa mtu aliyeibiwa simu stendi. Akaniuliza mwizi alikuwa amevaa nini. Nikajibu kwa kujiamini: « Il avait porté une chemise bleue. » Akaandika, akainua kichwa, akauliza: « Et après, il a mis quoi ? » Na baada ya hapo akavaa nini? Wenzangu waliokuwa mbele ya somo wakacheka, mimi nikabaki nimeduwaa. Nilikuwa nimetafsiri "alikuwa amevaa shati la bluu" neno kwa neno, na kwa Kifaransa nikawa nimesema kwamba mwizi aliwahi kulivaa shati lile, kisha akalivua kabla hajaniibia. Jibu sahihi lilikuwa fupi kuliko langu: « Il portait une chemise bleue. »

Hiyo portait ndiyo imparfait, wakati uliopita wa jambo linalotazamwa likiwa bado linaendelea, bila kuonyesha lilianza lini wala liliisha lini. Kuinyambua ni kazi ya jioni moja. Kujua iingie wapi ndiko kunakotusumbua, na ajabu ni kwamba Kiswahili chetu kina alama nyingi za kutuongoza, ila pia kina mitego miwili mitatu kama huo wa shati.

Kwanza, namna ya kuinyambua

Chukua kitenzi katika wakati uliopo, nafsi ya nous. Ondoa -ons. Kilichobaki ndicho shina. Kwenye shina hilo bandika viishio hivi:

je: -ais
tu: -ais
il, elle, on: -ait
nous: -ions
vous: -iez
ils, elles: -aient

Kwa parler, tunasema nous parlons, kwa hiyo shina ni parl-: je parlais, tu parlais, il parlait, nous parlions, vous parliez, ils parlaient.

Kuna sababu ya kuanzia kwa nous badala ya jina la kitenzi. Vitenzi vingi vya Kifaransa hubadilika tumboni, na mabadiliko hayo tayari yamo ndani ya umbo la nous. Ukilijua hilo, huna jambo jipya la kukariri:

finir, nous finissons: je finissais
prendre, nous prenons: je prenais
boire, nous buvons: je buvais
écrire, nous écrivons: j'écrivais
voir, nous voyons: je voyais
connaître, nous connaissons: je connaissais
faire, nous faisons: je faisais
dire, nous disons: je disais
avoir, nous avons: j'avais

Wanafunzi wanaoandika « je prendais » hawana tatizo la imparfait. Tatizo lao liko nyuma, kwenye wakati uliopo, ambako bado wanasema « nous prendons ». Ukijiona unakosea mashina mara kwa mara, rudi ukanyooshe nous kwanza. Hata vous faites na vous dites, zinazokaidi kanuni katika wakati uliopo, hapa hutulia: vous faisiez, vous disiez.

Kitenzi kinachovunja kanuni ni kimoja tu, être, maana nous sommes haina -ons ya kuondoa. Shina lake ni ét-, viishio ni vilevile: j'étais, tu étais, il était, nous étions, vous étiez, ils étaient. Falloir na pleuvoir hazina nafsi ya nous kabisa, basi kariri tu il fallait na il pleuvait.

Tahajia ina mambo matatu ya kuangalia. Vitenzi vya -ger huongeza e mbele ya a ili g isisomeke kama g ya gari: je mangeais, ils mangeaient. Mbele ya i hatari hiyo haipo, kwa hiyo e huondoka: nous mangions. Vitenzi vya -cer hufanya vivyo hivyo kwa kutumia ç: je commençais, lakini nous commencions. La tatu huonekana kama kosa la kupiga chapa, na si kosa: shina likiishia na i, nous na vous hupata i mbili. Nous étudiions, vous étudiiez, nous riions. Ukiandika nous étudions umerudi kwenye wakati uliopo. Vitenzi kama payer na croire huweka y na i pamoja: nous payions, nous croyions.

Kwa upande mwingine, vitenzi vinavyochosha katika wakati uliopo, kama acheter na appeler, hapa ni wapole. Nous achetons haina alama juu ya e, basi nayo j'achetais haina. Nous appelons ina l moja, basi j'appelais ina l moja.

Masikio na mdomo

Viishio -ais, -ait na -aient hutamkwa sawa kabisa: irabu e, mdomo ukiwa wazi kidogo kuliko e yetu. Zile herufi s, t na nt hazisikiki. Kwa hiyo je parlais, il parlait na ils parlaient zina sauti moja, na tofauti zake zinaishi kwenye karatasi tu. Tena hata karatasi haikuwa hivi siku zote. Wafaransa waliandika j'étois na il parloit kwa karne nyingi, na Académie française, taasisi inayosimamia lugha ya Kifaransa, ilikubali -ais na -ait katika toleo la 6 la kamusi yake, mwaka 1835. Ukikutana na maandishi ya zamani yenye -oit, usishtuke: ni imparfait hiyohiyo kwa nguo za kale.

-Iez husikika kama "ye", na -ions ni "yo" inayotokea puani. Sauti hiyo ndogo ya y ndiyo pekee inayotenganisha vous parlez (mnasema) na vous parliez (mlikuwa mnasema). Usiimeze.

Faisais nayo ina ujanja wake. Ai ya kwanza haitamkwi kama e ya kawaida bali kama e dhaifu iliyomo kwenye neno le.

Sasa tufike penye shida ya sikio la Kiswahili hasa. Sisi tuna e moja. Kifaransa kina é ya kubana, è ya kufungua, na ile dhaifu ya je. Sikiliza sentensi hizi mbili: « Je parlais » na « J'ai parlé ». Kwa anayetumia e moja kwa zote tatu, hizo ni sentensi moja. Kumbe ya kwanza ni "nilikuwa nasema" na ya pili ni "nilisema, nimesema". Zoezi lake ni la kijinga lakini linafanya kazi: simama mbele ya kioo, tamka je ukiwa umechongoa midomo kama anayepuliza chai, kisha fungua mdomo kwa -ais. Halafu geuza: j'ai kwa midomo iliyotanuka kama anayetabasamu, na -é uibane hivyohivyo. Mara ishirini kila asubuhi kwa wiki moja, majirani watakuzoea.

Katika mazungumzo ya kila siku watu hupenda kutumia on badala ya nous: on allait, on mangeait, on jouait. Ukifuata njia hiyo unaipunguza -ions kwa kiasi kikubwa. Kwenye barua rasmi na mitihani, ijue nous pia.

Kukanusha na vitenzi vya kujirejea havina jipya: je ne savais pas, je me levais, je ne me levais pas.

Iingie wapi: sikiliza Kiswahili chako

Kifaransa kina nyakati mbili kuu za kusimulia yaliyopita katika mazungumzo: imparfait, na passé composé (j'ai mangé, je suis allé). Vitabu hutoa orodha: mazoea, maelezo, hali, tendo lililokuwa likiendelea. Ni sahihi, ila ukiwa unaongea huna muda wa kupekua orodha. Mimi hujiuliza swali moja kwa Kiswahili: je, hapa naweza kusema "-likuwa -na-" au "-likuwa -ki-" bila maana kuharibika? Ikiwezekana, imparfait.

Nilikuwa nasoma simu ilipolia: Je lisais quand le téléphone a sonné.
Babu alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri: Mon grand-père se levait à cinq heures du matin.
Mvua ilikuwa inanyesha: Il pleuvait.

Kwa upande wa pili tuna -ka-, zawadi kubwa ambayo vitabu vya Kifaransa vilivyoandikwa kwa ajili ya Waingereza haviwezi kukupa. Nikaamka, nikanawa, nikatoka: kila -ka- ni tukio lililokamilika linalosukuma hadithi mbele, na kila moja huenda kwenye passé composé. Je me suis levé, je me suis lavé, je suis sorti. Ukiona -ka- katika simulizi yako, usiiguse imparfait.

Kinachobaki katikati ni -li-, na hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu -li- yetu hubeba zote mbili. "Alifungua mlango" ni tukio: il a ouvert la porte. Lakini "nilitaka", "nilijua", "alipenda", "tulikuwa na", "ilikuwa" kwa kawaida ni hali, na hali huenda imparfait: je voulais, je savais, il aimait, nous avions, c'était. Jaribu swali letu: "nilikuwa nataka" inakaa vizuri mahali pa "nilitaka", maana haiharibiki. "Alikuwa anafungua mlango" ni habari nyingine, mlango bado haujafunguka.

Vitenzi hivyo vya hali vikiingia passé composé hubadilika sura. Je savais ni "nilikuwa najua". J'ai su ni "nilikuja kujua, habari zikanifikia". Je connaissais Amina ni "nilikuwa namfahamu". J'ai connu Amina à Tanga mara nyingi ni "tulifahamiana Tanga". Je pouvais sortir ni "niliruhusiwa au niliweza kutoka", bila kusema kama nilitoka. J'ai pu sortir ni "nilifanikiwa kutoka", na nje nilifika.

Umri, saa na hali ya hewa, zikiwa mandhari ya hadithi, huwa imparfait: j'avais dix ans, il était huit heures, il faisait chaud. Hata ngano huanzia hapo. Pale tunaposema "hapo zamani za kale aliondokea", wao husema « Il était une fois ».

Mtego wa "amevaa"

Nirudi kwa mwizi wa shati. Kiswahili hueleza hali nyingi kwa -me-: amevaa, amelala, amekaa, amesimama, amechoka, amebeba. Tukizirudisha nyuma tunasema "alikuwa amevaa", "alikuwa amelala". Aliyefundishwa kwamba "alikuwa ame-" ni plus-que-parfait (il avait mangé, alikuwa amekula) ataitumia kila mahali, na mara nyingi ataumia. Jiulize: -me- hii inataja jambo lililokwisha, au hali ambayo mtu yumo ndani yake wakati ule? Ikiwa ni hali, Kifaransa hutumia imparfait ya kawaida:

alikuwa amevaa kanzu: il portait un kanzu
mtoto alikuwa amelala: l'enfant dormait
bibi alikuwa amekaa: ma grand-mère était assise
alikuwa amesimama mlangoni: il était debout à la porte
tulikuwa tumechoka: nous étions fatigués
duka lilikuwa limefungwa: la boutique était fermée
alikuwa amebeba mtoto mgongoni: elle portait un enfant sur le dos

Lakini "alikuwa ameondoka" ni il était parti, plus-que-parfait, kwa sababu kuondoka kumekwisha na mwenyewe hayupo.

Mtego wa muda mrefu

Wengi huambiwa imparfait ni kwa mambo ya muda mrefu. Si kweli. "Tulikaa Kigoma miaka mitatu" ni passé composé: Nous avons habité à Kigoma pendant trois ans. Miaka mitatu ni mingi, ila imefungwa kamba huku na huku, umeihesabu, imekwisha. "Tulipokuwa tunakaa Kigoma" haina kamba: Quand nous habitions à Kigoma. Hata ufalme wa miaka mia ukiutajia idadi ya miaka uliodumu, unautazama kama kitu kimoja kizima.

Vivyo hivyo kwa idadi ya mara. "Nilikwenda Zanzibar mara nne" ni je suis allé à Zanzibar quatre fois. "Kila likizo nilikuwa nakwenda Zanzibar" ni à chaque période de vacances, j'allais à Zanzibar. Maneno kama tous les jours, chaque année, d'habitude, le dimanche huelekea imparfait. Soudain, un jour, tout à coup, pendant deux heures huelekea passé composé. Huelekea tu, hayalazimishi. Depuis ina tabia yake: ukieleza jambo lililokuwa limeanza zamani na bado lilikuwa likiendelea, Kifaransa husema j'attendais depuis une heure quand le bus est arrivé, nilikuwa nimesubiri saa nzima basi lilipofika. Tazama tena: kwetu -me-, kwao imparfait.

Aliyesema anaumwa

Kiswahili hakisumbuki na nyakati katika kauli ya kuripoti. "Alisema anakaa Mombasa." Kifaransa hurudisha nyuma kitenzi cha pili: Il a dit qu'il habitait à Mombasa. "Nilidhani unajua" ni je croyais que tu savais. Ukiacha « il a dit qu'il est malade », umesema kwamba mpaka sasa unapozungumza bado anaumwa. Inaweza kuwa kweli, lakini iwe umekusudia.

-Nge- moja, si mbili

Imparfait ina kazi moja isiyohusu wakati uliopita hata kidogo. "Ningekuwa na pesa, ningenunua baiskeli." Sisi tunaweka -nge- pande zote mbili, basi mwanafunzi huandika « Si j'aurais de l'argent, j'achèterais un vélo ». Sawa ni: Si j'avais de l'argent, j'achèterais un vélo. Upande wa si ("kama" ya Kifaransa) unakaa na imparfait, upande wa pili unachukua conditionnel, yaani -nge- yao, kama hiyo j'achèterais. Watoto wa Kifaransa nao hukosea hapa, na shuleni huambiwa « les si n'aiment pas les -rais », akina si hawapendi akina -rais. Kwa sikio, msemo huo ni sawa na kusema misumeno haiwapendi taa, samaki wale wapana, maana les scies na les raies hutamkwa hivyohivyo. Kwa mtu wa pwani haisahauliki.

Si pamoja na imparfait bila upande wa pili ni pendekezo: Et si on allait à la plage ? Vipi tukienda ufukweni?

Halafu kuna adabu, na hapa lugha hizi mbili zinapeana mkono. Mtu akiingia ofisini husema "nilikuwa naomba kuuliza", ingawa anaomba sasa hivi. Mfaransa naye: Je voulais vous demander quelque chose. Kuisogeza haja yako nyuma kidogo kunaipunguzia ukali.

Miundo miwili ya kuchukua ikiwa mizima: je venais d'arriver (ndiyo kwanza nilikuwa nimefika) na j'allais sortir (nilikuwa karibu kutoka). Aller na venir hapo huwa imparfait siku zote.

Tuifanye pamoja

Chukua aya hii, uifasiri kabla ya kutazama chini:

"Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Mvua ilikuwa inanyesha. Bibi alikuwa amekaa mbele ya nyumba anasuka mkeka, na mimi nilikuwa nasoma. Ghafla umeme ukakatika. Bibi akainuka, akatafuta taa, akasema kiberiti kimekwisha."

« Il était six heures du soir. Il pleuvait. Ma grand-mère était assise devant la maison et tressait une natte, et moi, je lisais. Soudain, il y a eu une coupure de courant. Ma grand-mère s'est levée, a cherché la lampe et a dit qu'il n'y avait plus d'allumettes. »

Saa kumi na mbili imekuwa six heures. Ukiandika douze heures umemsukisha bibi mkeka adhuhuri. Mpaka je lisais, hakuna kilichotokea: ni picha iliyotundikwa ukutani, na vitenzi vyote ni imparfait, pamoja na "alikuwa amekaa". Ghafla na -ka- ya kwanza vinaifungua hadithi, na kuanzia hapo ni passé composé mfululizo. Kisha "kimekwisha" ya mwisho: ina -me-, iko baada ya "akasema", na haielezi tukio bali hali ya kabati wakati ule. Ndiyo maana imeishia il n'y avait plus, imparfait ndani ya sentensi iliyojaa passé composé.

Mtihani wa DELF A2, wa cheti cha Kifaransa kwa wageni katika ngazi ya A2, una sehemu ya kuandika inayoomba ueleze tukio au jambo lililokupata, na sehemu hiyo ya kuandika kwa jumla ina alama 25 kati ya 100. Jitayarishe kwa njia hii: andika sentensi tano kuhusu nyumba uliyokulia, zote imparfait. Nani alikuwepo, kulinukia nini jikoni, nani alikuwa akigomba. Ya sita uianze na un jour, uweke passé composé, uone hadithi inavyoinuka na kuanza kutembea.